Sufuria Si Babake Gatakaa

Kaaga, Meru
11 Mei 2025

Kaka Njue,

Habari ya nyumbani sikuulizi. Mama nimemwandikia barua yake. Hii ni yako peke yako, na naiandika nikiwa nimekasirika.

Nilikuambia likizo kwamba hapa shuleni tuko na chama cha kusoma, na mlezi wetu Madam Kagwiria ameleta vitabu vyote tisa vya Mbingu Tisa, vile ambavyo zile muvi zilitokana navyo. Jana kulikuwa na mashindano ya maswali mbele ya shule nzima. Mshindi ndiye anakuwa mwenyekiti wa chama. Mimi hata kitabu kimoja sikuwa nimefungua. Nifungue cha nini? Mimi dadake Njue wa ukumbi wa video wa Karurumo, niliyekulia kwenye benchi la mbele?

Swali la kwanza: yule roboti anayesafiri na nahodha ni nani? Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Anaitwa Sufuria, na ndani yake mna roho ya marehemu babake nahodha Gatakaa."

Kaka, walicheka mpaka kengele ya chakula ikapigwa na hakuna aliyeisikia.

Ati hakuna Gatakaa. Nahodha anaitwa Orvan. Ati Sufuria hana roho ya mtu yeyote, ni mashine ya kurekebisha mabomba ya meli. Majina yote ninayoyajua ni ya DJ Kathuri, yule wa Embu mjini anayeongea Kiswahili juu ya muvi, na wewe uliniapia kwamba Kathuri hutafsiri neno kwa neno. Sasa mwenyekiti ni msichana aliyehamia hapa juzi, na mimi naitwa Sufuria. Hata mpishi ananiita Sufuria.

Yote niliyokosa ulinifundisha wewe. Nijibu.

Kawira


Karurumo, Embu
19 Mei 2025

Kwanza, kwa mwalimu unayefungua barua za wanafunzi kabla hazijawafikia: habari yako, Madam. Soma tu bila wasiwasi, hakuna mapenzi humu, ni mambo ya anga. Ukimaliza mpe dada yangu.

Kawira wa Mama,

Pole kwa kuchekwa. Lakini hebu niulize, hao waliocheka wametazama sehemu ya kwanza mara ngapi? Mimi mara arubaini na tatu. Naweka alama kwa chaki nyuma ya mlango wa ukumbi, uje uhesabu. Kuna mtu Kenya hii amenifikia? Na wewe unaniletea habari ya kitabu. Kitabu kina bunduki? Kitabu kina ule mlio wa meli ikitoboa wingu?

Sikiliza nikufundishe upya, kwa sababu naona Meru wamekuosha kichwa. Sehemu ya kwanza kuna mzee Gatakaa, ndevu nyeupe, anapigwa risasi, anakufa. Sehemu ya pili anatokea kijana, pua ile ile, kovu lile lile. Hiyo pua aliitoa wapi kama si kwa babake? Na Sufuria alianza kuongea lini? Sehemu ya pili, mzee akishazikwa. Sasa roho ilienda wapi? Piga hesabu. Mimi niliachia shule Form Two na nimeipiga ikatoka.

Na wasikudanganye pia kuhusu Macho Mekundu. Wale ni mashetani wa jangwani. Gatakaa akianza kuwachoma, ukumbi wote unasimama na kupiga makofi, hata akina mama waliokuja kuwatafuta watoto wao. Watu mia mbili hawawezi kushangilia kitu wasichokielewa.

Sasa shika habari kubwa. Kaa chini kwanza. DJ Kathuri koo limemharibikia. Daktari amemkataza kupiga kelele, na sehemu ya saba imefika haijatafsiriwa. Anatafuta mtu wa kumpa maikrofoni. Atakuja hapa kwetu Karurumo tarehe ishirini na mbili Juni, azime sauti ya muvi, na kila mshindani aongee juu yake mbele ya watu. Atakayeshangiliwa zaidi ndiye huyo. Kawira, nimechoka kukata tiketi na kuwasha jenereta. Hiki kiti ni changu. Kiliumbwa kwa makalio yangu.

Nashindana na mmoja tu, Mutuma wa Meru mjini. Ana diploma na miwani. Miwani yenyewe niliijaribu, haina nguvu, ni kioo cha dirisha.

Kaka yako mwenye akili,
Njue


Kaaga, Meru
27 Mei 2025

Kaka Njue,

Barua yako ilisomwa na Madam Kagwiria mwenyewe. Nilimsikia akicheka ofisini. Sijui nifurahi au nijifiche.

Nimefungua vitabu sasa. Nimefika cha nne. Kaka, hakuna baba na mwana. Mzee wa sehemu ya kwanza na kijana wa sehemu ya pili ni mtu mmoja. Sehemu ya pili inarudi nyuma kuonyesha ujana wake. Ndiyo maana ya pua. Ndiyo maana ya kovu. Na Sufuria alikuwa akiongea tangu sehemu ya kwanza, ni vile tu Kathuri alikuwa akiongea juu yake.

Madam anasema hayo ni makosa ya kawaida, hata nje ya nchi mashabiki wanayagombania. Lakini lile la Macho Mekundu anasema hajawahi kulisikia popote isipokuwa kwetu. Wale si mashetani. Ni wakulima. Macho yao ni mekundu kwa vumbi, kwa sababu mto wao ulifungwa na shamba likakauka. Na aliyetia sahihi mto ufungwe ni Orvan, Gatakaa wako. Anaenda kuwachoma ili wasiseme. Hadithi yote ni juu ya hilo. Nilisoma ukurasa huo mara mbili kisha nikakumbuka makofi yetu.

Niambie ukweli. Umewahi kutazama hata sehemu moja bila Kathuri?

Kawira

Njue, nimesoma barua yako yote. Ni kweli kitabu hakina mlio wa meli. Lakini mto umefungwa ukurasa wa 88, kitabu cha kwanza, na uko wazi kwa kila mtu. Madam Kagwiria.


Karurumo, Embu
5 Juni 2025

Madam, wewe na wino wako mwekundu nimewaona. Heshima yako, lakini barua ilikuwa ya watu wawili.

Kawira,

Unaniuliza maswali kama polisi. Ndiyo, nimetazama bila Kathuri. Juzi niliweka sehemu ya saba peke yangu, mchana, mlango nimefunga. Sauti ilikuwa mbaya. Spika zina vumbi. Wale watu pia wanaongea haraka kama wanafukuzwa, na wanameza mwisho wa maneno. Hata wewe usingesikia.

Lakini niseme tu kwamba sikufurahi. Umeniharibia. Nilikuwa nakaa mlangoni natazama sehemu ya tatu vizuri, watu wakapiga makofi, na mimi nikajikuta natazama macho ya wale mashetani. Kuna mmoja amebeba mtoto. Mara zote hizo sikuwa nimemwona huyo mtoto! Nikazima nikasema umeme umepotea. Watu wakanitukana, na jenereta ilikuwa inanguruma kwa nje wote wakiisikia.

Kathuri ametuambia sehemu ya kujaribiwa. Ni pale darajani, Gatakaa anaposhuka kwenye meli na kukutana na yule mama mrefu wa Macho Mekundu, mpaka kijiji kinapochomwa. Dakika kumi na mbili. Mimi najua kinachoendelea pale, usidhani sijui. Ila kwa kutaka kujua tu, wewe ungesema wanaambiana nini? Niandikie nilinganishe na ya kwangu. Hakuna haraka. Ila ifike kabla ya tarehe ishirini.

Mutuma anapita hapa na daftari. Anaandika vitu. Anaandika nini mtu ambaye ana diploma?

Njue


Kaaga, Meru
12 Juni 2025

Kaka,

Madam alituonyesha sehemu ya saba Jumamosi iliyopita, na nilikaa na kitabu mapajani. Nimekuandikia kila neno la pale darajani kwenye karatasi hizi sita, kwa Kiswahili, na kando nimeweka alama ya nani anaongea. Yule mama anasema hivi: "Nahodha, tulikuwa tunakujua kwa jina kabla hujafika. Jina lako liko kwenye lango la mto. Watoto wetu wamejifunza kusoma kwa kulisoma hilo jina." Soma polepole pale. Mimi nililia na nilikuwa kwenye foleni ya maji ya kuoga.

Spika hazina vumbi, Njue. Nilikuwa nyumbani Aprili na zilikuwa safi. Kiingereza kinakupita na si aibu, uliacha shule mapema ukisema walimu wanakuonea wivu. Lakini hujui kuwafanya watu wanyamaze wewe? Ukisimulia hata ng'ombe aliyepotea, watu wanaacha kazi. Hiyo diploma haifundishi.

Nina ombi moja tu. Sema ilivyo. Sahau Gatakaa na Sufuria na roho za wazee. Nilichekwa na shule nzima kwa sababu yako. Sasa kuna mtu anaweza kusimama na kusema ilivyo mbele ya watu wetu, na ni wewe.

Dada yako,
Kawira


Karurumo, Embu
23 Juni 2025

KAWIRA, NIMESHINDA!

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Mutuma alianza, akatafsiri kama anasoma tangazo la mazishi, watu wakawa wanatafuna majani ya muguka na kuuliza mechi ni saa ngapi. Halafu nikaingia mimi. Dada, bati zilikaribia kuruka. Walinibeba! Kathuri alinishika mkono na kuninong'oneza kwa lile koo lake, "Kiti ni chako." Studio ni Jumatatu, tarehe kumi na nne Julai.

Karatasi zako zilisaidia. Asante. Nitaeleza vizuri siku nyingine, sasa niko na shughuli za watu wakubwa.

DJ Njue


Kaaga, Meru
Jumamosi, 28 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa, DJ Njue,

Nimesoma barua yako mbele ya chama kizima, nikiwa nimepanda juu ya dawati! Madam alipiga makofi. Yule mwenyekiti aliniomba msamaha. Niliwaambia: mnaona, kule kwetu watu si wajinga, walikuwa hawajaambiwa tu. Kaka yangu amewaambia na wamembeba. Leo hakuna aliyeniita Sufuria. Naacha hapa kwanza, kesho ni siku ya wazazi na Mama amesema atanitumia chapati na mtu.

Jumapili jioni.

Chapati zimekuja na babake Tabby wa Form Two. Alikuwa kwenye ukumbi siku yako. Alinisimulia kila kitu kwa furaha, mbele ya wasichana kumi. Ati Sufuria alipolia "Mwanangu, wachome hao mashetani!" ati yeye mwenyewe alirusha kofia juu.

Kwa hivyo Sufuria alilia "mwanangu." Karatasi sita, Njue. Niliziandika kwa mkono usiku na mchana na nikaacha kusoma hesabu.

Sijui niwaangalie vipi kesho. Niambie ulichofanya, na usiweke utani.

Kawira


Karurumo, Embu
4 Julai 2025

Kawira,

Sitaweka utani, ingawa bila utani sijui barua huanzaje.

Nilianza na karatasi zako. Hilo babake Tabby hakusema kwa sababu alikuwa bado nje ananunua njugu. Nilisema, "Hawa mnaowaona si mashetani. Ni wakulima." Nikasema, "Huyu nahodha ndiye alifunga mto wao." Mtu akapiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti, "Sufuria yuko wapi?" Nikaendelea, yule mama akaanza kuongea, nikafika pale pa jina langoni, na kibunzi cha hindi kikanipiga hapa kwenye shavu. "Rudisha Sufuria! Hii si yenyewe!" Ukumbi wote. Watu niliowakatia tiketi miaka mitatu, Kawira, wananiangalia kama nimewaibia. Kule pembeni Mutuma anapangusa miwani yake.

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Mwanangu," nikasema, kwa sauti ya bati. Wakaruka! Kuanzia hapo sikuwa mimi, nilikuwa naendeshwa na makofi. Niliwachoma wote. Nilichoma hata nyumba ambazo kwenye muvi hazikuchomwa.

Na nikashinda. Hata sasa nikipita sokoni wananiita DJ na natamani kujificha kwa choo.

Baadaye nilimuuliza Kathuri, roho ya mzee aliitoa wapi? Alicheka mpaka akakohoa. Anasema zamani zile alipelekewa sehemu ya kwanza haina nusu ya mwisho, diski ilikuwa na mkwaruzo. Alipoona sehemu ya pili na kijana mwenye pua ya mzee, akasema huyu ni mtoto, basi. Na Macho Mekundu je? Akaniambia, "Kijana, mimi Kiingereza chao sikuwa nakisikia. Niliona macho mekundu, wewe ungesema ni nini?" Kawira, alikuwa kama mimi. Miaka yote niliyokuwa nakuapia neno kwa neno, mwenyewe alikuwa anabahatisha.

Nikamwambia basi sasa turekebishe. Akasema, "Watu hawaji hapa kufundishwa. Sufuria, mashetani, makofi. Ukitaka hicho kiti."

Nakitaka. Nakitaka sana, usinifanye niseme sikitaki. Niambie nifanye nini.

Njue


Kaaga, Meru
9 Julai 2025

Kaka,

Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika.

Sufuria waachie. Baba na mwana pia waachie. Mimi jina hilo limerudi na nimeshalizoea, siku hizi naitika. Lakini kuchoma nyumba za watu waliofungiwa mto, halafu makofi, hapo siwezi kukuambia ni sawa. Unajua shangazi yetu anateka maji wapi tangu mto wao ukauke.

Kiti ni chako, si changu. Sitakuamulia.

Kawira


Karurumo, Embu
21 Julai 2025

Kawira,

Madam, leo soma na wewe, sijali.

Jumatatu iliyopita nilienda studio Embu mjini. Ni chumba kidogo, kuta zote zimebandikwa trei za mayai, kuna joto la kuangua vifaranga. Nilikaa kwenye kiti. Ni kiti cha plastiki tu, mguu mmoja umefungwa waya. Nikamfanya Sufuria akalia, nikamfanya mzee akanena kutoka kwa wafu, Kathuri anatikisa kichwa kwa raha. Tukafika darajani. Nikatoa karatasi zako nikazilaza mezani, na nikasoma maneno ya yule mama vile ulivyoandika.

Kathuri akasimamisha mashine. "Hayo ni nini?"

"Ndiyo anayosema."

"Nani amekuuliza anasema nini?"

Nikamwambia, mzee wangu, yale mengine yote chukua, nitayasema mpaka na mimi nipoteze koo. Lakini huyu mama siwezi kumfanya shetani tena, nimeshamjua. Mwisho akasema, "Acha hivyo. Lakini wakiikataa usije kugonga mlango wangu."

Jana Jumapili tumeionyesha hapa ukumbini. Wameikataa. Mama akiongea, wakaanza kuzomea. Kijiji kikichomwa, mikono iliinuka kupiga makofi ikabaki hewani, haijui iende wapi. Halafu wakaondoka, benchi kwa benchi. Mmoja alinipita mlangoni akasema afadhali angeenda kwa mazoezi ya kwaya. Babake Tabby hakunisalimu. Kabla hata sijafagia, Kathuri alipiga simu. Yangu inafutwa. Mutuma anarekodi upya Jumatano, na muvi zote zijazo ni zake. Nilikuwa DJ kwa siku sita.

Nimekasirika, Kawira. Nimekasirikia Kathuri na Mutuma na hao watu, na wewe kidogo, na huyo aliyekwaruza diski. Ungeniacha nisijue ningekuwa nimekaa kwenye hicho kiti hadi nizeeke.

Nilidhani ukumbi umebaki mtupu. Kumbe mtu yuko. Mzee Kithinji, anafuga mbuzi kule chini kwenye joto na ukame, hupanda huku Jumapili akimaliza kuwanywesha. Si mtu wa maneno. Alikuwa amesimama katikati ya mabenchi na kofia mkononi.

"Wewe," akaniita. "Huyo Gatakaa ndiye alifunga mto?"

"Ndiye."

"Tangu sehemu ya kwanza?"

"Tangu kabla ya sehemu ya kwanza, baba."

Akageuka kutazama kile kitambaa cheupe ukutani, na hakikuwa na kitu. "Na mimi miaka hii yote," akasema, "nimekuwa nikimpigia makofi."

Nikaegemeza ufagio ukutani.

Akaketi kwenye benchi la mbele, akaweka kofia gotini.

"Rudisha pale yule mama anaongea," akasema. "Watu walipiga kelele. Sikumsikia vizuri."

Nikarudisha.

Kaka yako,
Njue